Vita vya Ukoka Kabla ya Harusi

Jumatatu, 3 Machi

Nimeamka nikakuta ukoka wa mbele ya nyumba una mabaka ya kahawia. Pale pale ambapo Jumamosi shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, atafanyia sherehe ya harusi yake. Ni mimi niliyeng'ang'ania ifanyike hapa. Jirani yetu alishajitolea uwanja wake. Mtaa mzima tunamwita Bwana Zulia, kwa jinsi nyasi zake zilivyo. Nikamkatalia mbele ya ukoo wote, kwa maneno ambayo sitaki kuyarudia.

Mke wangu anasema nifukue kidogo nione kuna mdudu gani. Nimemwambia ni kiu tu. Nimeshinda na mpira wa maji mkononi. Kufikia jioni nina mabaka yale yale, ila yamelowa.

Jumanne, 4 Machi

Nimemjua mbaya wangu. Ndege! Tangu asubuhi wamejaa kwenye ukoka, wanadonoa, wanachimbua, hawana hata haya. Nimewafukuza kwa fagio, wakahamia upande wa pili. Nikaenda upande wa pili, wakarudi wa kwanza. Nikaunda sanamu ya kuwatisha: mti, koti langu la ofisini, kofia. Kazi safi.

Mama mkwe amefika mchana kusaidia maandalizi. Macho yake siku hizi si mazuri. Amesimama mbele ya koti, akalisalimia, akaliulizia hali ya kazi, akangoja. Kisha akaingia ndani na kumwambia mke wangu kwamba sasa nimemdharau waziwazi. Wakati huo mimi nilikuwa nyuma ya nyumba natafuta mti mwingine. Nimemwomba radhi. Amesema koti angalau lilikuwa limesimama wima.

Ndege wamerudi. Mmoja amekaa juu ya kofia.

Jumatano, 5 Machi

Bwana Zulia ameegemea ua akaniambia, jirani, ndege hawali nyasi, wanafuata kilicho chini yake. Shika ukoka uvute, utaona. Alisema kwa upole. Upole huo ndio unaoniudhi. Nikamshukuru, sikuvuta kitu. Ningevutaje naye ananitazama?

Nikaenda duka la dawa za mimea. Mama muuzaji akauliza nataka dawa ya mdudu gani. Nikasema wote. Akasema dawa ya wote hauzi, kwani inaua hata wadudu wenye faida. Nikamwage kwanza maji yenye sabuni kidogo juu ya baka; kama ni viwavi, watapanda juu wenyewe.

Kidogo ni kwa watu wenye nafasi. Nimemwaga pakiti nzima ya sabuni ya unga. Povu mpaka kwenye ngazi za mlango. Lakini wametoka! Warefu, wekundu, wanajinyonganyonga. Nimewaokota wote nikawatia kwenye ndoo, na Bwana Zulia alipoingia ndani kwake nikawarusha ng'ambo ya ua.

Baadaye akabisha hodi. Amekuja kushukuru. Kumbe ni nyungunyungu, wanaolainisha udongo, na kwangu walikuwa tele. Anasema hakuna jirani aliyewahi kumtendea wema kama huo. Mke wangu amelazimika kwenda jikoni kucheka.

Alhamisi, 6 Machi

Mama mkwe amechoka kusubiri. Amejifunga kibwebwe, ameinama, ameshika ukoka akavuta. Ukanyanyuka wote kama mkeka, hauna mzizi hata mmoja. Chini yake funza weupe, wanene, vichwa vya kahawia, wamejikunja kama waliolala usingizi wa mchana. Watoto wa mbawakawa, akasema. Wao hula mizizi, na ndege huwala wao.

"Mwanangu," akaniambia, "ulikuwa unawafukuza vibarua wako."

Nikakimbilia dukani na funza kwenye kopo. Mama muuzaji akawatazama akatikisa kichwa. Wakiwa wakubwa hivi dawa haiwawezi sana, na ukiinyunyiza sasa wageni hawatakiwi kukanyaga. Fukua, waokote kwa mkono, panda upya.

Upya. Harusi keshokutwa. Nimezunguka nyumba mpaka mke wangu akaniambia nikae, namtia kizunguzungu.

Ijumaa, 7 Machi

Tumefukua. Mama mkwe, mke wangu, mimi, na bibi harusi mwenyewe. Kucha ameshazipaka rangi, na bado anaokota funza na kuwatia kwenye maji ya sabuni. Nikamwambia shemeji, acha, utaharibu mikono. Akasema afadhali funza kuliko kukaa ndani akiwaza ya kesho. Anaogopa, na hajamwambia mtu. Mama yake akamsogelea, akainama kando yake. Tukaendelea kuokota. Kwa mara ya kwanza wiki hii sikutamani kuwa mahali pengine.

Tulipomaliza, udongo mtupu. Mke wangu akasema tukamwombe Bwana Zulia. Nikasema nina mpango. Walipoingia kunawa, nikatoa rangi ya kijani iliyobaki tulipopaka geti. Nimepaka udongo wote. Kutoka barabarani ni ukoka kabisa. Kutoka karibu, mtu asije karibu.

Jumamosi, 8 Machi

Haikukauka.

Bibi harusi alitoka garini, akapiga hatua chache, akatazama chini. Pindo la gauni kijani. Viatu vya bwana harusi kijani. Nilitamani ardhi inimeze, lakini nayo ilikuwa na rangi mbichi. Midomo ya shemeji ikaanza kutetemeka. Nikangoja kilio. Akacheka, akacheka mpaka akamshika mumewe bega asianguke, na ule woga wa jana sikuuona tena usoni mwake.

Nikaenda kwa Bwana Zulia mwenyewe, na nyayo zangu za kijani nyuma yangu. Nikamwambia, jirani, naomba uwanja. Geti lilikuwa wazi. Viti alikuwa ameshavipanga tangu asubuhi. Hakunisimanga. Tulikula kwake, tukacheza kwake. Hata mama mkwe alicheza, tena na mimi.

Jumapili, 9 Machi

Nimelala vizuri, akili imetulia. Jana baba wa bwana harusi alilalamika kwamba ukoka wa kwake una baka la manjano. Nimemwambia asihangaike kufukua. Kwa niliyoyapitia, mdudu namtambua kwa maelezo tu.

Mke wangu ameuliza ni mdudu gani. Nimemwambia nitajua nikifika. Akasema baka hilo liko pale pale mzee anapoegesha gari. Nikamweleza kwamba kuna wadudu wanaopenda kivuli.

Nimeshaazima pampu ya kunyunyizia dawa. Nitapita kesho asubuhi, kabla hawajaamka.