Karakana ya Asubuhi Moja

Kinanda alikuwa ndiyo kwanza ameachana na biashara ya dawa ya kunguni, kwa sababu kunguni walinenepa na wateja wakaanza kumtafuta, siku alipopita mbele ya karakana ya Mama Randa akaiona shata imeegemezwa ukutani.

Ilikuwa shata ya dirisha, ya mbao ngumu, yenye vibao vipana vilivyopangwa ndani ya fremu. Katikati ulipita ufito mwembamba. Ukiuvuta chini, vibao vyote vinainama pamoja na chumba kinapata kivuli. Ukiusukuma juu, mwanga unaingia. Kinanda aliuvuta ufito, akausukuma, akauvuta tena, na machozi yakamlengalenga kama mzazi harusini.

"Naiuza hiyo," alisema Mama Randa bila kuacha kupiga msasa. "Mteja alikosea vipimo."

Kinanda akalipa papo hapo bila kuomba apunguziwe. Mtu yeyote anayemfahamu angeingiwa na wasiwasi, lakini fundi yule hakuwa anamfahamu.

Mpango ulikuwa mwepesi: shata moja ya kuonyesha, malipo ya awali ya nyumba nzima, kisha laini mpya ya simu.

Mtaa wa pili aliishi mzee mmoja, ofisa mstaafu wa forodha, mtu mwema mwenye kasoro moja tu. Hakuvumilia shemeji yake, kaka wa mkewe, amtangulie kwa lolote. Shemeji akinunua kochi, yeye atanunua mawili, hata kama la pili litazuia mlango. Habari hizi Kinanda alizipata kwa kinyozi, akiwa ananyolewa ndevu ambazo hakuwa nazo. Akambishia mzee hodi, shata begani.

"Shikamoo mzee. Sikuja kuuza kitu. Nimekuja kuomba radhi."

"Marahaba. Radhi ya nini?"

"Ya kelele. Wiki ijayo gari letu litapita hapa mara kwa mara, tunapeleka shata kama hii kwa shemeji yako. Madirisha yote."

Mstaafu akaweka kikombe chini. "Yote?"

"Hata la choo."

 Mzee akaigusa shata, akauvuta ufito, akauliza kwa sauti ya mtu asiyejali, "Na mtu akitaka zake zitangulie?"

"Hapo utanitia kwenye matatizo, mzee wangu."

"Matatizo kiasi gani?"

Kinanda alitaja kiasi. Kilikuwa kipande chote kilichobaki cha kiinua mgongo cha mzee. Mstaafu aliingia chumbani kukitafuta, na Kinanda akamfuata hadi mlangoni akimsifia ukuta.

Kosa lake lilikuwa kumwacha mke wa mstaafu peke yake na ile shata. Mama huyo alikuwa na tabia ya kugeuza kila kitu kabla hajakiamini, vitambaa, sahani, hata mialiko. Akaigeuza shata. Nyuma, kwenye fremu ya chini, kulikuwa na namba ya simu iliyochomwa kwa chuma cha moto, naye akainakili. Kinanda, katika miaka yake yote ya ujanja, hakuwahi kutazama kitu chochote kwa nyuma.

Kinanda alipoondoka na pesa, mama alimpigia kaka yake kwanza.

"Shata?" kaka alishangaa. "Mimi? Si nina mapazia yaleyale uliyonishonea?"

Mama akakata simu. Angemwambia mumewe, mzee angeugua kwa aibu kabla ya kuugua kwa hasara. Basi akaipiga ile namba ya nyuma ya shata. Yeye na Mama Randa waliongea kirefu, na mwishoni wote wawili walicheka.

Kesho yake Kinanda alikuwa dukani akichagua laini mpya simu ilipolia, kwa namba ileile aliyomwachia mstaafu.

"Mwanangu," alisema mke wa mstaafu, "kikundi chetu cha akina mama kimesikia habari zako. Tuko kumi na wawili, kila mtu na nyumba yake. Ila wenzangu wana maneno, wanataka waione karakana kwanza."

Nyumba kumi na mbili! Kinanda akairudisha laini mezani, akakimbia hadi kwa Mama Randa.

"Nikodishie hapa asubuhi moja tu. Mafundi wako wawe wangu."

"Sawa. Lakini karakana tupu kama hii? Watakimbia. Leta bawaba na vanishi, na mbao zijae mpaka mlangoni. Wakishaondoka nitazinunua mimi, nina kazi nazo."

Kinanda akaona mama huyu ana akili, tena ya aina yake. Pesa za mstaafu zikaenda kwenye mbao. Hazikutosha, akauza pikipiki yake, zikatosha kulipia bawaba, vanishi na mafundi.

Asubuhi ya ukaguzi alivaa koti jeupe na penseli sikioni. Akina mama kumi na wawili walipita wakinusa mbao. Kinanda alihutubia kuhusu vivuli na upepo mpaka mwenyewe akatamani shata.

"Na hizi mbao zote ni za nani?" aliuliza mke wa mstaafu.

"Zako, mama! Kila ubao! Mbao, vanishi, ufundi, vyote vimeshalipiwa!"

"Basi tuandikie hivyo, wenzangu waridhike."

Akaandika, akasaini kwa madoido. Akina mama wakashukuru, wakasema watalipa wakiona nyumba ya kwanza imekamilika, wakaondoka. Kinanda alipogeuka, msumeno ulikuwa umeshaanza kulia.

"Mama, unakata mbao zangu!"

"Zako? Umesema ni zake, mbele ya watu kumi na wawili. Na saini ile pale."

"Nitakwenda polisi!"

Mama Randa akazima msumeno, akajifuta vumbi taratibu. "Twende. Ila kwanza tukubaliane, utaanza kueleza wewe au mimi?"

Kinanda alikaa juu ya rundo la mbao. Baadaye akavua koti, akaondoka kwa miguu.

Wiki tatu zikapita, na shata zikafungwa kwenye kila dirisha la nyumba ya mstaafu, la choo likiwemo. Mzee hakuambiwa kitu. Alimsaka Kinanda mtaani, akamkuta kituoni akisubiri basi kama watu wengine, akamkumbatia mbele ya abiria wote.

"Jamani, mtazameni huyu kijana!" alipaza sauti, machozi yakimtoka. "Mwaminifu! Mtu mwaminifu!"

Kinanda alikuwa ameshatukanwa sana katika maisha yake, lakini hakuna neno lililowahi kumchoma namna ile.