Ua la Sentimita Mia na Nne

Mtu akikuambia kwamba ofisi ya Lojimin, au Loji, mpanga safari za porini, ilikuwa meza ya mkahawa, usicheke. Ilikuwa ofisi kamili. Ilikuwa na kalenda, folda nene ya picha zilizofunikwa nailoni, na simu mbili, moja ya kuwapokea wateja na nyingine ya kuwakwepa. Kasoro yake ilikuwa moja tu. Meza ilikuwa ya mwisho kabisa, ubavuni mwa choo, na kwa miaka tisa kila Loji alipofika kwenye sehemu tamu ya maelezo yake, mtu alivuta maji huko ndani.

Ndiyo maana alitaka mlango wa kioo. Mtaa wa pili, hapo hapo mjini Kota Kinabalu, kulikuwa na chumba cha kupanga, kidogo kama kabati, lakini mlango wake ulikuwa kioo kitupu kutoka juu hadi chini, na Loji alikwisha kuliona jina lake juu yake kwa herufi za dhahabu. Mwenye nyumba alikuwa amempa mpaka Jumatatu ijayo. Asipoleta kodi ya miezi sita, chumba kinachukuliwa na wauza chai ya barafu.

Jumanne asubuhi akaingia Bwana Chee. Alikuwa muuza vigae vya bafuni kutoka Ipoh, mwenye maduka manne, na kichwani alivaa kofia ya porini yenye karatasi ya bei bado inaning'inia. Mkewe, Siew Fong, alimfuata nyuma, akaketi, akageuza pua kuelekea chooni.

"Siku tatu," alisema Bwana Chee. "Nataka orangutani, tembo, hondohondo, na lile ua kubwa linalonuka mzoga. Raflesia. Wenzako huko nje wananiambia siku tisa."

"Wenzangu wanapenda kulala, Tajiri."

"Tena wanasema porini hakuna ahadi. Eti ni bahati."

"Bahati ni ya mtu asiye na mipango," alisema Loji, akafungua folda taratibu kama kasisi.

Bwana Chee alilipenda jibu hilo. Akatoa simu, akaonyesha picha ya mtu mnene aliyechuchumaa kando ya ua jekundu lenye madoa. "Huyu anaitwa Leong. Anauza vigae ng'ambo ya barabara, anatazamana na duka langu. Hii picha ameitundika dukani, kubwa kama godoro, na chini kaandika: sentimita themanini na mbili. Watu wanaingia kuangalia ua, wanatoka wamebeba vigae."

Loji aliitazama ile picha, na moyoni mwake akausikia mlango wa kioo ukifunguka bila kelele. Mtu anayetaka kumwona mnyama ni mteja wa kawaida. Mtu anayetaka kumshinda jirani yake, huyo ni riziki.

"Wewe unataka la ngapi, Tajiri?"

"Lolote, mradi lipite hilo."

"Likivuka mia, je?"

"Yapo yanayovuka mia?" aliuliza Siew Fong.

"Yapo, Mama. Ila hayaonyeshwi kila mtu."

Choo kikavuta maji. Bwana Chee hata hakusikia. Alilipa ringgit elfu tisa taslimu, safari ianze Alhamisi, kwa sharti lililoandikwa na kutiwa saini: ua likiwa dogo kuliko la Leong, fedha zinarudi zote.

Sasa, raflesia ni ua lenye maringo. Hukaa tumba miezi tisa kama mimba, likifunguka linakaa siku tano au sita, kisha linageuka jeusi na kuoza. Watu wa Ranau, huko milimani, wenye ua kwenye ardhi yao hutundika kibao barabarani likichanua, na kukishusha likifa. Loji alipiga simu vijiji vyote anavyovijua. Vibao vyote vilikuwa chini, hata cha Bibi Ambilin, mwenye kichaka cha mianzi kilichosifika kwa maua kuliko vyote.

Mtu mwingine angerudisha fedha. Loji alikwenda kwa fundi mmoja aitwaye Jaunis, mtengeneza mapambo ya magari ya sherehe ya mavuno, akamwagiza ua la sponji la kuweka kwenye mianzi ya Bibi Ambilin.

"La kuchezea?" aliuliza Jaunis.

"La kuaminika. Liwe na mita moja."

"Kwa bei hiyo hiyo nakuongezea sentimita nne."

Hapa ndipo Loji alipofanya kosa ambalo Mdusun, mwenyeji wa milima hiyo, hafanyi. Wadusun wawili wakikutana, kabla ya bei, kabla hata ya kuulizana habari za mvua, huulizana: wewe ni wa kwa nani? Kisha hupanda na kushuka kwa mama na mababu mpaka wapate pale damu zao zinapokutana, na shughuli hiyo inaweza kumaliza chai mbili. Loji ni Mdusun kwa baba na kwa mama, tena mama yake yuko hai huko Tambunan na ni mkali. Lakini siku hiyo alikuwa na haraka ya mlango. Hakuuliza.

Jumatano alipanda kwa Bibi Ambilin na ua ndani ya gunia, akamwomba amkodishie kichaka kwa siku moja. Wageni wanapenda kupiga picha za mianzi, alisema. Bibi, mwanamke mdogo wa umbo, mwenye macho ya kusinzia, hakubisha wala hakupandisha bei. Alimketisha mbele ya mtungi wa pombe ya mchele, akamkabidhi mrija.

"Kunywa, mwanangu. Na mdomo ukiwa hapo hapo kwenye mtungi, niambie. Kuna uongo wowote unaouingiza kwenye ardhi yangu?"

Loji alijua maana ya kuulizwa hivyo juu ya mtungi: jibu ni kiapo. Alivuta funda kubwa. "Hakuna, Bibi."

"Haya," alisema Bibi Ambilin, kwa upole uliopaswa kumtisha.

Safari yenyewe ilikwenda kwa ulimi. Alhamisi, tembo walikuwa wamehama usiku uliotangulia, na Loji aliwaonyesha samadi mbichi kama mtu anayeonyesha hati ya nyumba. Hondohondo alisikika, ndani ya simu ya pili. Ijumaa, kwenye mti ng'ambo ya mto, kiliinuka kitu cha kahawia.

"Orangutani," alinong'ona Loji.

"Mbona ana mkia?" aliuliza Siew Fong.

"Bado kijana, Mama."

Bwana Chee hakujali. Alikuwa anasubiri Jumamosi.

Jumamosi asubuhi walipanda mlima kwa Bibi Ambilin, ukungu ukiwa bado umelala juu ya mashamba ya kabichi. Katikati ya mianzi, chini, palikuwa na ua. Jamani, lilikuwa zuri. Jaunis alilipaka wekundu wa nyama na madoa meupe, na Loji alikuwa amelipaka kamba waliooza, kiasi kwamba nzi walikuja kwa hiari yao. Kwa kuwa muuza vigae haendi popote bila futi kamba, Bwana Chee alipiga magoti, akapima mara tatu.

"Mia na nne," alisema. "Leong atafunga duka."

Loji aligeukia upande wa bonde ili afurahi faraghani. Aliona watu saba wanapanda. Mbele alikuwa Bibi Ambilin, na pembeni yake Mzee Gampat, mkuu wa kijiji, amevaa koti la siku za kesi.

Bibi hakupaza sauti. Alisema Kidusun, lugha ambayo wageni hawakuijua hata neno. "Mwanangu, hiki nini?"

"Bibi, ni mapambo tu."

"Nilikuuliza juu ya mtungi. Umetia uongo ardhini mwangu na umekula kiapo kwa mdomo wako. Ardhi imepata joto. Sasa kuku hawatataga, mtoto atashikwa homa, na sababu ni wewe."

"Sogit," alisema Mzee Gampat. Ndiyo faini ya kuipoza ardhi. "Nyati mmoja wa kufugwa, kuku mmoja, na mtungi."

"Nyati? Kwa sponji?"

"Kwa kiapo," alisema mzee. "Sponji tumekusamehe. Nyati yuko pale chini, elfu nane, kama hukuja na wako."

"Na nisipolipa?"

"Hakuna atakayekushika," alisema Bibi Ambilin. "Nitawaeleza tu wageni wako kwa Kimalei. Halafu nitampigia mama yako Tambunan. Namba ninayo."

Ajabu ya Loji ni kwamba hicho cha pili ndicho kilichomshinda. Angeweza kumtazama Bwana Chee usoni na kubuni jambo. Lakini mama yake alikuwa mtu anayeamini kwamba mwana aliyekataa kuipoza ardhi hana budi kulala nje ya nyumba yake maisha yote, na ukweli ni kwamba Loji, chini kabisa ya ujanja wake wote, aliamini hivyo pia. Alihisi joto kwenye nyayo. Labda ilikuwa soksi.

"Wanasema nini?" aliuliza Bwana Chee.

"Wametukaribisha kwenye tambiko, Tajiri," alisema Loji, akifungua mkoba wa kiunoni. "Limo ndani ya bei."

Kuku alichinjwa, Bibi akaomba maombi marefu akinyunyiza maji kwenye mianzi, wali ukaja umefungwa kwenye majani mapana, na mtungi ukazunguka. Bwana Chee alisema hakuwahi kuona mpanga safari mkarimu namna ile. Loji alitabasamu kama mtu aliyeng'olewa jino.

Baada ya chakula Bibi Ambilin alimshika Siew Fong mkono, akamwambia kwa Kimalei kwamba kuna ua jingine dogo huko nyuma, kiingilio ringgit thelathini kwa kila mtu. Hatua hamsini tu nyuma ya mianzi, palikuwa na raflesia ya kweli, ikiwa siku ya pili tangu ifunguke. Siew Fong aliinama, akatazama ndani ya lile bakuli la ua kwa muda mrefu, akasahau hata kuziba pua. Macho yalimlenga machozi, wala hakuyaficha. Bwana Chee alivuta futi kamba.

"Themanini na tisa," alisema kwa dharau. "La Bosi Loji ni kubwa zaidi." Akarudi kupiga picha na sponji.

Loji alimgeukia Bibi. "Kibao chako kilikuwa chini, Bibi."

"Ua lilifunguka jana, nikakiacha chini makusudi, maana Jaunis alikwisha kunipigia simu. Ni mtoto wa dada yangu. Hukumuuliza?"

Jumatatu chumba cha mlango wa kioo kikachukuliwa na wauza chai ya barafu. Loji alipita mara moja kukitazama, akapewa kikombe cha kuonja, akakinywa kwa uchungu ingawa kilikuwa na sukari nyingi.

Miezi miwili baadaye alipata wageni wengine, mume na mke kutoka Johor, na pia alipata chumba kingine, mlango wake wa mbao tu, lakini mlango. Kibao cha Bibi Ambilin kilikuwa juu barabarani, na kando yake limetundikwa lile ua la sponji, na maandishi: HILI LA BANDIA, LA KWELI LIKO JUU. Loji alilipa kiingilio kama watu wote, akawaacha wageni kwenye ua. Akishuka, alimwona nyati mmoja mwenye pembe iliyovunjika anakula majani pembeni ya shamba. Alimjua. Alikuwa amemlipia elfu nane.

"Bibi," alisema, amesimama mlangoni kwake, "yule nyati mbona yu hai?"

"Kwani nani alisema atachinjwa? Tulikuambia ulipe nyati, ukalipa. Sisi hatudanganyi watu." Bibi Ambilin alisogeza mtungi. "Gampat anasema wewe ni mtu wa tatu kumlipia mwaka huu. Keti unywe. Na hawa wageni wa leo, umekuja nao vizuri? Hakuna uongo?"

Loji alishika mrija. Alifikiria mlango wa mbao. Alifikiria Tambunan. Alifungua mdomo kusema hakuna, na neno likakataa kutoka.

"Nimewaambia watawaona tembo," alisema hatimaye.

Bibi Ambilin alitikisa kichwa kwa huruma ya kweli, kisha akageukia dirishani.

"Gampat," aliita, "mlete yule nyati."