Mishikaki ya Kutafutia Chumba

Alhamisi, 5 Machi

Leo tena mkutano umefanyikia kwenye ngazi nyuma ya maktaba. Chama cha Rozari kina chumba. Wacheza sataranji wana chumba. Sisi Chama cha Upinde, wavulana wanaopenda wavulana, wasichana wanaopenda wasichana, na mwenyekiti wetu Dada Marikit, ambaye wazazi walimbatiza jina la kiume, tuna ngazi. Sista Perpetua, mlezi wa wanafunzi, anasema chumba hupewa chama kinachojulikana kwa huduma.

Nimepata mpango. Kesho tunachoma mishikaki ya nguruwe getini, faida yote iende kwenye paa la kanisa la chuo linalovuja. Atakataaje? Nimejitolea kuchoma mwenyewe. Mchomaji halazimiki kuongea na watu. Nimesomeshwa kwa Kibikol, lugha ya kwetu hapa Ufilipino, na kwa Kiingereza, na kwa vyote viwili hunyamaza vizuri.

Ijumaa, 6 Machi

Moshi mtamu. Wateja hakuna. Watu wanapita, wananusa, wanafumba macho kama wanaoumwa jino, wanaenda zao. Nikaongeza sosi. Nikapepea kwa nguvu zaidi.

Rodelio wa Chama cha Rozari akasimama mbele ya jiko. Akauliza, "Kaka mchomaji, nyama Ijumaa ya Kwaresima, huliwa na Wakatoliki wa wapi?"

Na mimi nimetumikia misa tangu darasa la tatu. Damu ikanishuka hadi kwenye kandambili.

Rodelio alikuwa keshamleta Sista. Akamweleza kwamba hawa wa Upinde wameamua kuidhihaki Kwaresima hadharani. Nikaona chumba kinaondoka na moshi. Dada Marikit akasogea ajitwike lawama, kawaida yake. Sista akauliza hii ni kazi ya nani.

Sijui sauti ilitoka wapi. Nikasema ni mimi, Wenceslao Dimaculangan, mwaka wa kwanza, na mimi ni shoga, ni wa Upinde, na sijifichi tena. Mpaka walinzi wakageuka. Sijawahi kulisema hilo mbele ya mtu.

Sista akajibu kwamba hilo amelijua tangu wiki yangu ya kwanza. Alichouliza ni nani aliyesahau Kwaresima.

Nikasema ni huyo huyo.

Akacheka hadi akashika ukuta. Kisha akaamuru nyama iwekwe kwenye friji ya masista mpaka kesho.

Jumamosi, 7 Machi

Imeisha kabla ya adhuhuri. Rodelio kala ametugeuzia mgongo. Nikamuuliza kama ni mitamu. Akasema chumvi imezidi, akaomba mwingine.

Sista ametupa stoo ya sanamu za Krismasi. Bendera yetu tumeitundika kati ya Yosefu na ngamia. Nimeitazama mpaka shingo ikauma. Dada Marikit akanikumbatia, akasema, "Mdogo wangu, jana umetutoa kimasomaso." Akaongeza mengine kuhusu mipango yangu. Hayo sikuyatilia maanani.

Jumapili, 8 Machi

Chumba lazima kifunguliwe kwa heshima. Dansi, muziki wa nguvu, nguruwe mzima wa kuchoma. Nimetazama ratiba ya ukumbi ubaoni. Ajabu, Ijumaa tarehe tatu Aprili, siku mbili tu kabla ya Pasaka, ukumbi uko wazi kuanzia asubuhi na hakuna chama hata kimoja kilichouomba. Watu wa chuo hiki hawajui kupanga mambo. Nimeandika jina letu kwa wino.