Mtu wa Mia Nne na Kumi na Tatu

Jumatatu, 2 Machi 1998

Jumamosi kamati ya mradi wa maji itachagua karani. Nafasi moja, washindani wawili: mimi na Japheth Chome. Kila mmoja ataleta orodha ya wakazi wote wa Bongwe watakaochota kwenye bomba jipya, aipange kwa kompyuta mbele ya kamati. Atakayemaliza kwanza bila kosa, kazi ni yake. Nikishindwa, Mama amesema nitakwenda Kitui kumsaidia shangazi dukani. Kitui! Mimi na vyeti vyangu!

Leo tulipimana nguvu katika ukumbi wa kanisa. Kompyuta zote mbili ni za kupakata, zote za mtumba. Yake ina prosesa ya Pentium, kasi ya megahezi mia moja thelathini na tatu. Yangu ni 486, ya kizazi kilichotangulia, megahezi ishirini na tano, niliyouziwa na Mjerumani aliyekuwa akifunga virago Diani. Majina mia mbili, yaleyale. Yake ilimaliza kabla hajaondoa kidole. Yangu ilikoroma. Nilifuta miwani, nikaivaa, nikaivua, nikaifuta tena.

Japheth aliniuliza kwa upole, "Dada Ndila, hiyo yako huanza kwa sala?"

Walicheka wote, hata mfagizi.

Nina mpango. Nitayapanga majina kwa mkono hapa nyumbani, niyaingize yakiwa tayari yamefuata alfabeti. Mashine itakuta kazi imekwisha. Nani atajua?

Jumanne, 3 Machi

Nimezunguka kutwa. Majina napewa, idadi sipewi. Jirani yetu Mwanapili, Mdigo wa hapahapa, aliacha kukuna nazi akanieleza.

"Mwanangu, nazi huhesabiwa. Watu hutajwa."

Akina mama wetu waliohamia kutoka Ukambani ni vilevile. Ukiuliza watoto wangapi, jibu ni kwamba wapo. Wengine hata katika kutaja humficha mmoja, ili hesabu isitimie na ubaya usijue pa kuanzia. Nami niende Kitui kwa ajili ya watoto waliofichwa?

Nimepata mbinu: nahesabu sahani zilizoanikwa kichanjani baada ya chakula. Sahani haina siri.

Nyumba nyingi zimelingana. Isipokuwa ya Mama Ndulu, ambaye ni mjumbe wa kamati. Majina matano, sahani sita. Zote mbichi, zinachuruzika maji.

Jumatano, 4 Machi

Sikurudi kumwuliza. Angekana tu. Nimemwandika mwenyewe huyo aliyefichwa. Jina: Mulwa. Umri: miaka kumi na mmoja. Sikuhangaika kulitafuta. Lilikuja kama mtu aliyekuwa amesimama mlangoni muda mrefu akingoja kukaribishwa.

Jumla: 413. Nimefurahi mno.

Jumamosi, 7 Machi

Nimemaliza kwanza! Japheth alikuwa bado anapangusa kioo kwa leso.

Kisha zikasomwa jumla. Yake 412. Yangu 413.

Mwenyekiti, Mzee Kitonga, alitaka kujua ni mashine ipi imekosea. Nilisimama. Nikaeleza kwamba prosesa mpya zina pupa, huruka watu. Ya Japheth inapita kwa gari. Yangu inakwenda kwa miguu, na aendaye kwa miguu hukutana na watu njiani. Wajumbe wawili walitikisa kichwa kukubali. Nilijiona mwanafalsafa.

Mzee akauliza, huyo aliyerukwa ni nani? Nikasoma: Mulwa, nyumba ya Mama Ndulu, miaka kumi na mmoja.

Mama Ndulu alikuwa akimenya chungwa. Kisu kilisimama.

"Nani amekuambia jina lake?"

Nilijibu kwamba limo katika mashine, jambo ambalo ni kweli. Akaeleza polepole, akiliambia chungwa. Miaka kumi na mmoja iliyopita alizaa mtoto aliyekufa siku ya pili. Kwao mtoto hupewa jina siku ya tatu. Kabla ya hapo ni wa mizimu bado, hatajwi, haliliwi. Jina alilichagua moyoni. Hakumwambia hata mumewe.

Kuhusu sahani sikuthubutu kuuliza.

Mzee Kitonga alikohoa. Akasema nilifute jina hilo. Jumla zikilingana, kazi ni yangu, kwa kuwa nimetangulia kumaliza. Mama Ndulu alinitazama. Kitui ni mbali sana. Nikafuta.

Mashine ilifikiri kuliko siku zote. Jina likatoweka. Jumla: 413.

Tukaihamisha orodha kwa disketi hadi kwenye Pentium: 412. Tukairudisha kwenye yangu: 413. Nikahesabu mistari kwa kidole, nikapata 412. Japheth hakutania. Alisogeza kiti chake mbali na meza yangu.

Uamuzi: nimepewa hadi Jumatatu nilete orodha ambayo kila aliyehesabiwa ana jina. La sivyo, Japheth.

Mama Ndulu aliningoja mlangoni. Hakuwa na hasira. Ingekuwa afadhali angekuwa nayo.

"Umefuta jina, mwanangu. Yeye yumo."

Jumapili, 8 Machi

Nimetafakari ibada nzima. Nimeliona kosa langu. Si kubuni. Ni kubuni katika nyumba ya mjumbe wa kamati! Mtu wa 413 anahitaji jina tu, na nyumba isiyo na maswali. Nyumba gani haina maswali? Yetu. Tuko mimi na Mama. Sikuwahi kuwa na ndugu.

Nikaandika: Kavenya, mwanamke, miaka ishirini na sita. Mkubwa wangu kwa miaka miwili, ili nimheshimu.

Ajabu. Mashine haikukoroma. Ilimpokea papo hapo, kwa kasi ambayo hata Japheth hajaiota. Jumla: 413, na mistari 413.

Nikalisoma jina kwa sauti kidogo, nisikie kama linaaminika. Nje Mama alikuwa akifagia. Ufagio ulinyamaza. Nilingoja uendelee.

Mama aliingia, akasimama nyuma yangu. Hajui kusoma kompyuta. Aliweka kidole kwenye kioo, palepale kwenye mstari ule.

"Sikumwambia mtu," alisema.

Nilimjibu ni hesabu tu.

Jumatatu, 9 Machi

Nimepata kazi! Majina 413, watu 413, hakuna aliyeuliza. Japheth alinipa mkono huku akitazama mlango. Mama Ndulu hakuhudhuria.

Mama ananisemesha kama kawaida. Ila akiniita, nikiitika, hunyamaza kidogo kabla ya kuendelea, kama anayengoja mwingine naye aitike.

Habari njema zaidi: mradi utafikishwa Ukunda. Wakazi elfu tatu kwa kuanzia, na akina mama walewale wa kuficha. Japheth ametaka kuniuzia Pentium yake kwa bei ya kutupa. Nimekataa. Kwa kasi iliyo nayo yangu sasa, ya nini?

Ili nisichelewe, nimeanza mapema kubuni majina ya watakaofichwa. Nimeshaandika arobaini. Mashine imeyapokea yote, moja baada ya jingine, bila kukoroma hata mara moja.