Ukurasa wa Kwanza kwa Ajili ya Agnella

Jumatatu, 2 Juni 2025

Ifakara. Leo miezi mitano tangu Agnella apande basi kwenda kufundisha Kidatu. Alinichungulia dirishani akasema siku atakayoona jina langu ukurasa wa kwanza, atarudi tufunge ndoa. Abiria walicheka. Mimi sikucheka, niliandika tarehe. Tangu hapo gazeti ninaloandikia limetoa habari zangu kumi na moja, zote ukurasa wa kumi na nne, chini ya tangazo la dawa ya mende. Jina halikuwekwa. Wameandika "Na Mwandishi Wetu". Mwandishi wenu ni mimi, Beatus!

Lakini sasa nimepata habari. Kule Mkula wachuuzi wananunua mpunga kwa lumbesa: gunia linajazwa, linashindiliwa, linaongezewa kilemba juu, na mkulima analipwa gunia moja. Mhariri wangu wa Morogoro, Mama Theodosia, amesema nikileta ushahidi, ukurasa wa kwanza ni wangu. Nimeshindwa kula. Jioni nimekwenda stendi kulitazama basi la Kidatu likishusha watu. Nilijua hayumo. Nimesubiri mpaka kondakta akafunga mlango.

Jumanne, 3 Juni

Mpango uko tayari. Nitajifanya mchuuzi, nijichanganye nao, simu inarekodi mfukoni. Nimeazima kofia, miwani ya jua na bambo, lile bomba la chuma la kuchomea gunia kutoa mpunga wa kuonja. Nimejitazama kwenye kioo nikajiogopa.

Nimeweka na status ya WhatsApp: "Wanyonyaji wa Mkula, kesho siku yenu." Hiyo ni ya Agnella. Hanipigii, lakini status zangu hazimpiti. Leo ameitazama baada ya dakika sita. Hakuandika neno. Nimekaa robo saa nikiliangalia jina lake kwenye orodha ya waliotazama, nikasikia upweke mpaka mbavuni.

Sylvanus naye ametazama. Huyu ni mwandishi wa gazeti la wenzetu. Ana kamera ndefu na pikipiki yake mwenyewe, na hunisalimia kama anayenionea huruma. Watu wengine wa Mkula nao wametazama. Sijui namba yangu wameipata wapi.

Jumatano, 4 Juni

Maajabu. Kila mchuuzi Mkula leo ana mizani. Wanapima kilo kwa kilo, wanawaamkia wakulima shikamoo, mmoja hata alimrudishia mama mmoja mpunga uliozidi. Uungwana mtupu. Nimesubiri mpaka saa nane mchana. Hakuna lumbesa hata ya dawa. Nikaona habari inaniponyoka, na Agnella pamoja nayo.

Nikaamua kuchokoza. Nilimwendea Bibi Yosefina, mkulima mwenye magunia yake kando ya barabara, nikamwambia mimi nanunua kwa lumbesa tu. Nilitaka alalamike, nirekodi kilio cha mkulima. Hakulalamika. Aliniuliza kwa upole kama wazazi wangu wako hai. Nikamjibu biashara ni biashara. Sauti ilinitoka nzito na, kusema kweli, niliipenda. Nikamimina debe la ziada, halafu jingine. Nikapanda juu ya gunia nikashindilia kwa miguu.

Hapo ndipo alipotokea mtendaji wa kijiji. Nyuma yake, Sylvanus na kamera.

Nikajitetea kwamba mimi ni mwandishi. Sylvanus akajifanya hanijui. Wakaomba kitambulisho. Nilikuwa nimekiacha nyumbani makusudi, kisije kunifichua. Nimewekwa ofisi ya kijiji mpaka saa kumi na moja. Bibi Yosefina akaniletea wali na kambale, akamwambia mtendaji kwamba njaa humharibia mtu akili. Nimekula wote. Niliona aibu, lakini nimekula wote.

Alhamisi, 5 Juni

Nimesikiliza rekodi yote, yenye urefu wa saa mbili na dakika kumi. Sauti ya mnyonyaji mmoja tu inasikika, na ni yangu.

Nimempigia Mama Theodosia, nikapendekeza tuiandike kwa jicho la mhalifu mwenyewe. Akasema nisimpigie tena mpaka yeye anipigie. Kwa hiyo atanipigia.

Ijumaa, 6 Juni

Ukurasa wa kwanza! Gazeti la wenzetu. "MCHUUZI WA LUMBESA ANASWA MKULA." Picha imejaa ukurasa: mimi juu ya gunia, mikono hewani, kama niko kwenye ngoma ya sangula. Jina langu lipo, herufi kubwa, halina kosa hata moja. Nimenunua nakala tatu. Moyo ulidunda kwa furaha kwanza, ndipo ukauma.

Magazeti hufika Kidatu saa tano. Kuanzia saa tano sikuiweka simu chini. Nilimwona akilini, amekaa ofisi ya walimu, anageuza gazeti. Nilitamani kuwa lile gazeti.

Jumamosi, 7 Juni

Agnella amepiga! Mara ya kwanza tangu Machi. Alicheka mpaka akakohoa. Nilikuwa nimesahau kwamba akicheka huvuta pumzi kwanza. Nikanyamaza ili nisikie vizuri. Kisha akaniuliza kama nakula. Kisha sauti ikashuka, akasema ahadi ni ahadi, jina langu ameliona ukurasa wa kwanza kwa macho yake, na hakusema liwe limeandikwa kwa jambo gani. Kesho anaweza kupanda basi la asubuhi, aje, twende kwa wazazi wangu.

Miezi mitano nimeliombea neno hilo kanisani kila Jumapili.

Nikamwambia asije kwanza. Huu haukuwa ukurasa wa kwanza wenyewe. Anipe wiki mbili tu: kuna watu wanapasua mbao bila kibali kule Masagati, na Jumatatu nakwenda, nitajifanya mnunuzi. Baada ya hapo ataona ukurasa wa kwanza wa kweli.

Akasema sawa, Beatus. Hajawahi kukubaliana nami upesi hivyo.