Bahari ya Ruhuwiko

...bahari, Hilda, bahari kabisa yenye muhuri! Ua wa bibi Notburga pale Ruhuwiko, kuanzia kwenye mgomba mpaka chooni, umetangazwa rasmi kuwa bahari kuu, na tangazo nimelibandika mwenyewe kwa mikono hii.

Usicheke. Kaa nikueleze kitaalamu, mimi ndiye afisa habari.

Unajua ofisi yetu inasimamia visima vya mafuta vya kina kirefu cha bahari. Watu wanauliza kwa nini iko Songea wakati bahari iko Mtwara. Jibu la Mkurugenzi Derick ni la kisayansi: kitu kilicho chini sana kinasimamiwa vizuri kutoka juu. Na kweli, tangu ofisi ianzishwe hakuna mtumishi wetu aliyezama.

Sasa Dodoma wakasema wanaleta mkaguzi, mama Leticia, aone kisima kikijaribiwa: kifunguliwe, mafuta yatoke, kasi yake ipimwe, gesi ichomwe juu. Bosi hakutetereka. Alisema kisima ni kisima, bahari ni suala la utawala tu. Na kisima cha karibu na ofisi ni cha bibi Notburga.

Bibi anapika komoni, pombe yetu ya kienyeji. Maji yale ndiyo komoni yake, na komoni ndiyo inayolisha wajukuu. Akaja ofisini na ndoo tupu.

"Shikamoo bibi," bosi akamwamkia, heshima zote.

"Marahaba, baba. Nimekuta kamba kisimani."

"Ile si kamba, bibi. Ni mpaka wa bahari. Kuingia ni kwa jaketi la kuokolea maisha."

"Na maji ya kupikia pombe?"

"Ya bahari hayapikiwi. Yana chumvi."

"Haya yangu hayana."

"Mchakato unaendelea."

Nikamvalisha bibi jaketi la rangi ya chungwa juu ya kitenge, ndipo akaruhusiwa kurudi nyumbani kwake. Majirani wakawa wanamtania ng'ambo ya kamba, "Bibi, samaki wapo huko?" Akawajibu, "Yupo papa mmoja, anavaa tai."

Asubuhi ya ukaguzi tulikisaidia kisima kwa kukimiminia mapipa mawili ya dizeli, ili kiwe na mwelekeo. Gesi hatukuwa nayo, kwa hiyo mafiga ya bibi yalipandishwa kwenye kichuguu cha mbali, kuni zikawashwa, huo ndio moto wa gesi. Sote tukavaa majaketi. Pampu ikavuta, bomba likatema, nikapiga makofi kama nilivyoelekezwa.

Mama Leticia akachungulia ndoo. Yule kwao Peramiho, hapa jirani, hata kama amekaa Dodoma miaka yote hiyo.

"Na huyu bibi atakunywa nini?"

Hapo bosi akapatwa na ufasaha. "Mheshimiwa, kisima hiki ni rafiki wa mazingira. Bibi atateka hapa hapa kama kawaida. Maji yake hata mtoto mchanga hayamdhuru."

Bibi Notburga akaingia ndani, akatoka na kata yake, ile ya kugawia komoni. Akaijaza. Akapiga goti, akampa bosi kwa mikono miwili.

"Haya, baba. Leo mwenye kutukaribisha ni wewe. Kwetu anayekaribisha anaonja kwanza, wageni waone hakuna sumu."

"Mheshimiwa," bosi akamgeukia mkaguzi, "mila hizi za vijijini..."

"Bibi yangu hakuwahi kumpa mtu kata bila kuonja," akasema mama Leticia. "Onja, na sisi tunywe."

Hilda, kata ilikuwa inanuka gereji. Bosi akaipandisha mpaka kwenye masharubu, ikashuka. Akaipandisha tena. Kisha akakohoa, akatangaza, "Jaribio limeahirishwa. Mawimbi ni makubwa."

Hata jani la mgomba halikutikisika.

"Sawa," mama Leticia akasema, akanigeukia mimi. "Kukiwa na mawimbi, kanuni zenu zinasemaje?"

Kanuni nimezichapa mimi, nizisahau vipi? "Kiongozi wa jaribio haondoki kisimani mpaka bahari itulie, mheshimiwa."

"Vizuri. Bibi ndiye anayekaa huku baharini. Atatuambia ikitulia."

Bibi akaitazama mbingu, akautazama ua wake. "Bado imechafuka sana," akasema. "Nadhani itatulia nikipata kisima kingine." Akaenda nyuma ya nyumba, akarudi na sururu.

Kwa hiyo ofisi yetu, kwa mara ya kwanza tangu ianzishwe, inachimba. Bosi yuko ndani ya shimo tangu jana, jaketi mwilini, tai ameitupia begani, na ameshafika usawa wa kiuno. Taarifa niliyotuma Dodoma inasema uchimbaji wa kina kirefu umeanza kwa kishindo, na sijadanganya hata neno.

Sasa niache, ni zamu yangu kumpelekea ugali baharini. Mkewe anaingia na basi la asubuhi, na kashaniuliza kama kuna jaketi la saizi yake. Kesho jioni bandika chai mapema, nikusimulie kama bibi alimruhusu kuvuka kamba.