Lundo la Sabasaba

Jumanne, 3 Julai 1973

Habari kubwa! Bwana Afya ametuita mabalozi wote wa nyumba kumi wa hapa Kahama. Jumatatu atapita kukagua. Nyumba kumi zitakazoshinda kwa usafi zitawekewa bomba la maji. Bomba! Limi, mke wangu, anatembea saa nzima na ndoo kichwani, na kila akirudi ananitazama kama mimi ndiye niliyeficha maji. Sasa atanitambua!

Bartholomeo, balozi wa ng'ambo ya barabara, alisema yeye na watu wake watafagia kila asubuhi. Basi. Huo ndio mpango wake wote! Nilicheka mpaka Bwana Afya akaniuliza kama naumwa.

Jumatano, 4 Julai

Nimefagia. Kiuno! Maganda ya miwa, magunzi, makopo, betri za redio zilizokufa, viatu vya mguu mmoja. Vimeziba mfereji wote, maji yamelala yananuka, mbu wanalea watoto. Mbuzi wa jirani alimeza kamba ya katani hapo mferejini wiki iliyopita, akafa. Nimewaomba watu wangu wasaidie. Wote wanaumwa mgongo.

Alasiri, nikiwa nimejilaza, nikaruka! Sisi Wasukuma hatuambiwi kufagia. Tunaambiwa kushindana! Nitawaalika Wagika na Wagalu, wale mahasimu wa ngoma, waje Sabasaba. Kikundi kitakacholeta lundo kubwa la takataka ndicho mshindi. Zawadi, beberu. Limi aliuliza beberu wa nani. Nikamwambia afikirie bomba.

Alhamisi, 5 Julai

Wamekubali! Manju wa Wagika, yaani kiongozi wao wa nyimbo, aliniuliza mara tatu kama kinachoangaliwa ni ukubwa tu wa lundo. Ukubwa tu, nikamwambia, hakuna kingine.

Nilimkuta Bartholomeo anachimba shimo la taka, jasho linamtoka. Nikampa pole.

Jumamosi, 7 Julai. Sabasaba!

Sijapata kuona! Ngoma, filimbi, vumbi mpaka mawinguni! Wagika wameingia na mikokoteni mitano ya ng'ombe, imejaa mabua ya tumbaku yaliyooza. Wameyatoa mashambani kule Ushetu! Wagalu nao, lori zima la uchafu wa stendi. Nikapiga makofi, nikapiga vigelegele kama mwanamke. Mzee Kanji mwenye duka akaja mbio kulalamika kwamba maboksi mengine ya Wagalu bado yana biskuti.

Na watazamaji! Si chini ya elfu mbili. Kila mmoja na muwa wake, kila mmoja anatema pale pale aliposimama.

Wagika wameshinda. Manju alinishukuru sana, wabeja, wabeja, akaondoka na beberu. Nikamuuliza takataka je? Akanijibu kwa upole kwamba waliitwa kuzileta. Kuziondoa hakuna aliyetaja.

Malundo mawili. Yote mlangoni kwangu.

Jumapili, 8 Julai

Upepo! Tangu alfajiri! Makaratasi yamepanda mapaa yote kumi, mengine yamo ndani ya vyungu vya watu. Wenye migongo wamepona ghafla, wamekuja kunitukana. Limi amezoa tangu asubuhi bila kula.

Mchana akaja Bartholomeo na toroli. Ameondoa toroli kumi na mbili. Nina hakika anapeleleza.

Jumatatu, 9 Julai

Bwana Afya alifika, akavua kofia, akaniuliza taratibu kama kumetokea maafa. Kisha akaandika. Akaandika sana.

Bomba limekwenda ng'ambo ya barabara. Limi hakunigombeza. Alichukua ndoo, akaweka kata kichwani, akaenda zake. Afadhali angenigombeza. Roho iliniuma kweli.

Jumanne, 24 Julai

Maji yametoka! Meupe, baridi! Bartholomeo amekubali na watu wangu wachote, mradi balozi wao afagie hapo bombani kila asubuhi. Limi amekubali kwa niaba yangu.

Basi leo nimefagia, na nimeona jambo ambalo Bartholomeo hajaliona! Foleni ya wanawake hamsini, wanasubiri zamu, na midomo yao haina kazi! Kesho naanza kuwauzia karanga za kuchemsha. Tutatajirika!

Limi ameuliza maganda watayatupa wapi. Mwanamke huyu hapendi maendeleo. Watayatupa chini, kwani wapi?